Kumbe Nilikuwa Mwanagenzi

Fomu ilikuwa ya kurasa mbili na nilikuwa nimeshaijaza karibu yote. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kata ninayoishi, fani: uashi. Nikafika kwenye mstari uliouliza: uanagenzi wako uliupata wapi, kwa muda gani, na chini ya nani? Kalamu ikasimama.

Ilikuwa mwaka 2018 na nilikuwa na miaka kumi na mitatu kwenye kazi ya kujenga. Nilishasimamisha nyumba Chanika, Goba na Kibaha, na nyingine hadi leo nikipita na daladala nageuza shingo kuziangalia. Lakini neno hilo sikulijua. Nikaenda kumuuliza dada aliyekuwa anagawa fomu. Akaniambia kwa upole, "Kaka, ni pale ulipojifunzia kazi." Nikamjibu kwamba mimi sikujifunza popote, nilikuwa saidia fundi tu. Akasema, "Basi ndiyo hapo hapo."

Nikarudi kwenye kiti, na ule mstari ukanichukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe.

Tulikuwa tumekuja kurasimishiwa ujuzi. Kwa asiyejua, huo ni mpango wa watu walioipata kazi mtaani, bila kukaa darasani: unapimwa, na ukithibitika kwamba kazi unaijua, unapewa cheti. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ipo kwa sheria ya mwaka 1994, lakini mafundi wengi ninaowajua mimi hawakupita kwenye chuo chochote. Wamepita kwenye mchanga na kokoto. Nami ni mmoja wao.

Niliingia Dar es Salaam mwaka 2005 nikitokea Turiani, cheti cha kidato cha nne mkononi na alama zisizonifikisha mbali. Mjomba akanipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Akamwambia, "Huyu mtoto wa dada yangu, nakuachia." Fundi akanitazama viganja, akanionyesha beleshi. Kuanzia siku ile nikawa saidia fundi, shilingi 2,500 kwa siku, chakula juu yako.

Yule fundi alikuwa na mkono mzuri sana, sitamnyima haki yake. Ukuta wake ukiupigia jicho kutoka kona hii hadi ile, huoni tumbo wala mgongo. Ila alikuwa na tabia moja ambayo mwanzoni sikuielewa. Asubuhi ya kupanga msingi, vigingi vikishachomekwa na kamba zinataka kufungwa, anatugeukia: "Nendeni mkateke maji." Kisima kilikuwa mbali. Tukirudi na ndoo zetu, kamba zimeshakaa, pembe zimeshapatikana, yeye ameketi juu ya tofali anakunywa chai. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati tu. Mara ya tatu nikajua kwamba anaficha.

Tulikuwa watatu chini yake. Mmoja alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye watoto. Huyo alikuwa anachanganya udongo, yaani mchanga na sementi, kwa jicho tu na haukosei. Alijua mfuko mmoja wa sementi wa kilo 50 utakwisha kwenye tofali la ngapi. Lakini timazi ya kunyooshea ukuta hajawahi kuishika, na pima maji ya kupimia usawa aliishika pale tu anapotumwa kuibeba. Hata watoto wa mwenye nyumba walimwita "Saidia", kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Nilikuwa namtazama jioni anapojimwagia maji ya mwisho miguuni, naona maisha yangu ya miaka ishirini mbele. Baada ya miezi minane nikaondoka.

Fundi wangu wa pili nilimpata mwaka 2006, Chanika. Alikuwa mzee wa Pangani, mfupi, asiyependa kelele kazini. Mshahara ulikuwa ule ule na kazi ya kuanzia ile ile: beleshi, karai, ndoo. Tofauti niliiona siku ya kwanza. Nilimpelekea karai la udongo, akauchota kwa mwiko, akauinamisha. Udongo ukateleza kama uji. Hakunigombeza. Akaurudisha kwenye karai, akanisogezea mbele yangu, akasubiri. Nikaenda nikaongeza mchanga na sementi, nikarudi. Akauinamisha tena. Safari hii ukavunjika vipande vikavu. Akaurudisha. Mara ya tatu udongo ukang'ang'ania kidogo kwenye mwiko, ukaacha mng'ao, ndipo ukadondoka wote kwa pamoja. Akaulaza juu ya kozi, ule mstari wa tofali uliotangulia, bila kusema neno, na tofali likafuata.

Hesabu alinipa baadaye, mkono wangu ulipokuwa umeshaanza kujua. Moja kwa sita ya kujengea. Moja kwa nne ya kupiga lipu. Zege la moja, mbili, nne: sementi, mchanga, kokoto. Nadhani angenipa hesabu kwanza ningeishika kichwani tu, na mchanga wenye unyevunyevu wa alfajiri ungenidanganya kila siku.

Jioni kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo. Mwiko wake ulikuwa wa zamani, mpini umelainika hadi unang'aa, na bapa lake limelika upande mmoja tu, limekuwa kama jani lililoliwa na mdudu. Niliuosha miezi mitatu kabla sijamuuliza kwa nini umelika vile. Alifurahi, nikaona usoni. Akaniambia kila tofali linapokaa, udongo unaotokeza unakatwa kwa upande ule ule, miaka yote, ndiyo maana chuma kimekwenda. Halafu akasema maneno ambayo nayarudia kwa vijana wangu hadi leo: "Sasa kuanzia kesho usisimame mbele yangu. Simama ubavuni, mkono wa kulia. Ukisimama mbele unaiona kazi kinyume."

Nikasimama ubavuni. Nikaanza kuona vitu ambavyo vilikuwa mbele ya macho yangu mwaka mzima: kwamba halibamizi tofali, analiteremsha huku akilisogezea mwenzake, kwamba anapogonga kwa mpini anasikiliza, kwa sababu tofali lililokaa vizuri lina mlio wake, na lenye uwazi chini lina mlio mwingine.

Siku ya msingi wa nyumba iliyofuata niliinuka mwenyewe kuchukua ndoo, kwa mazoea. Akanishika mkono. "Unakwenda wapi? Njoo ushike mwisho wa futi ya kupimia." Kamba mbili zilikuwa zimekutana kwenye kigingi. Akatia alama futi tatu kwenye kamba hii, futi nne kwenye kamba ile, akaniambia pima kutoka alama hadi alama. Ikasoma futi tano na inchi mbili. "Imefunguka. Sogeza kigingi ndani." Nikasogeza. Tano na nusu inchi. Sogeza tena. Mpaka ikasoma tano kamili. Akaipigapiga ile kamba kwa kidole ikalia kama uzi wa zeze, akasema, "Hapo ndipo penye skweya. Nyumba nzima inatoka hapa."

Nilikuwa nimeshayaona hayo. Mwalimu wetu wa hisabati aliyaandika ubaoni, pembetatu na herufi zake, na jina la Pythagoras juu yake, nami nikanakili kwa mwandiko mzuri nikafunga daftari. Hakuna aliyeniambia kwamba ile pembetatu ndiyo inayozuia kitanda kisigongane na mlango. Na hiyo ndiyo ilikuwa siri ambayo fundi wangu wa kwanza alitutumia kisimani ili tusiione! Namba tatu tu.

Mzee alikuwa na neno lake jingine. Alikuwa anasema, "Siku ukipandisha kona nne za nyumba peke yako, nami nimekaa kivulini, nitakudai kilemba changu." Nilidhani ni kilemba hicho hicho cha kichwani. Mwaka 2009, baada ya nyumba ya Kibaha kufika kwenye lenta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, kwa mikono yangu mwenyewe, nilikwenda Kariakoo nikanunua kitambaa cheupe, kizuri, nikampelekea nyumbani. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakifunua, akakitupia begani, akamwita mkewe aje aone. Akasema, "Kilemba kimefika." Hakunirekebisha.

Ni baada ya ile fomu ndipo nilipotafuta kamusi, nikaifungua kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi. Wingi wanagenzi, na hali yenyewe uanagenzi. Na kweli, nikishalijua neno, nikaanza kulikuta kila mahali. Mtu huandika kwamba yeye bado mwanagenzi katika ushairi, akimaanisha kwamba ndiyo kwanza anaanza, asihukumiwe kwa kipimo cha magwiji. Serikalini wanalitumia kwa yale mafunzo ambayo kijana anagawanya muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Watu hulichanganya na utarajali. Daktari tarajali ameshamaliza kusoma, yuko wodini akisubiri kukamilika. Mwanagenzi kazi anaisoma kwa kuifanya. Halafu kuna mkurufunzi, ambaye naye ni mtu anayejifunza, na mkufunzi, ambaye ni mwalimu wake. Silabi moja inawatenganisha, na nimeona watu wakubwa wakiwachanganya.

Kwenye kamusi hiyo hiyo nikaenda kwenye kilemba. Nikakuta kwamba, mbali na nguo ya kichwani, kilemba ni ada anayopewa fundi au mwalimu na mwanafunzi wake anapohitimu. Mzee alikuwa ananidai fedha, au zawadi yoyote ya heshima, kwa desturi ya kwao ambayo mimi mtoto wa bara sikuijua. Nikapeleka kitambaa, naye akakipokea kama ndicho alichokuwa anakingoja. Nilikaa na kamusi mapajani muda mrefu sana siku ile. Mtu anaweza kukuvisha kilemba cha ukoka mchana kutwa, akikusifu asichokiamini. Mzee wangu hakuwahi kunisifu hata mara moja, lakini alimwita mkewe aje aone.

Lililonigusa zaidi ni neno fundi lenyewe. Kwetu fundi ni mtu anayejua kutengeneza: fundi cherehani, fundi bomba, fundi redio. Lakini lisikilize vizuri, halafu lisikilize neno kufunda, na funzo, na mafunzo, na mwanafunzi. Ni ukoo mmoja. Kungwi anamfunda mwali. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kuna fundi wa vigae mwenye asili ya Ngazija niliyefanya naye kazi Upanga, nikamweleza haya, akaniambia kwao Komoro hilo si jambo la kutafuta kwenye kamusi: kule fundi ni mwalimu, hasa anayewasomesha watoto Kurani. Mtoto akisema anakwenda kwa fundi, anakwenda chuoni. Nilitamani yule fundi wa ndoo za maji angesikia.

Ndiyo maana nimeanza kulichukia jina la saidia fundi, ingawa limenilisha. Ukilitazama, si jina la mtu hata kidogo. Ni amri. Saidia! Limegeuzwa jina na mtu akavikwa. Kenya nasikia wanamwita mtu wa mkono. Gereji kuna spana boi, kwenye malori kuna utingo. Yote yanataja mkono unaobeba au chombo unachobeba. Hakuna hata moja linalosema kwamba huyu mtu anajifunza, wala kwamba ipo siku atamaliza. Mwanagenzi anahitimu. Saidia fundi anahitimu lini? Jina halina mlango wa kutokea, na yule mwenzetu wa miaka arobaini alifungiwa humo huku akijua udongo kuliko sisi wote.

Wazee walijua kwamba kazi ya chini nayo ni darasa. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema. Nyundo ya kusana chuma bado haiwezi, lakini mifuo ya kuvukutia moto iko mkononi mwake, uso wake uko kwenye moto, na chuma kinachopigwa anakiona. Hakutumwa kisimani wakati chuma kinaiva. Kuvukuta na kubeba karai ni kazi moja, kinachotofautiana ni pale unaposimamishwa.

Nimeona pia neno hili zuri likitumiwa vibaya, na hilo linaniuma. Kuna mwenye karakana mmoja ninayemfahamu aliyechukua vijana sita, akawaambia, "Nyinyi ni wanagenzi, mko hapa kujifunza." Kwa hiyo hakuna hela ya siku, hakuna chakula, na milango wanayopiga msasa kutwa inauzwa bei kamili. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilimkuta mmoja wao, nikamuuliza ameshaijua randa. Akasema randa iko kabatini, ufunguo anao bosi. Huyo si mwanagenzi. Mtu akikuita hivyo mtake akuonyeshe mwisho wa safari: mwaka gani utashika nini, na siku gani utafanya peke yako. Na akushibishe mchana, kwa sababu udongo haubebwi na njaa.

Narudi kwenye fomu. Uliupata wapi: nikaandika Chanika. Kwa muda gani: 2006 hadi 2009. Chini ya nani: hapo nikakwama tena, na safari hii si kwa sababu ya neno. Nilikuwa silijui jina lake. Miaka yote ile nilimwita Fundi, na wengine walimwita Fundi, na kwenye simu yangu alikuwa Fundi. Alikuwa ameshafariki. Nikatoka nje, nikampigia binti yake, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, halafu akanitajia majina matatu, taratibu, herufi kwa herufi, nami nikiandika kwenye kiganja kwa kuwa karatasi nilikuwa nimeiacha ndani. Akaniuliza, "Na wao wataandika kwamba baba alikuwa mwalimu?" Nikamwambia ndivyo fomu inavyouliza.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kupandisha kona ya kozi sita. Mpimaji aliweka pima maji yake pande zote mbili, akaandika, akapita. Cheti kilikuja baada ya miezi kadhaa. Kiko ukutani.

Sasa nina vijana wawili. Mwenye nyumba tunayemjengea alipokuja mara ya kwanza aliniuliza, "Hawa saidia fundi wako wanatosha?" Nikamjibu kwamba hawa ni wanagenzi wangu, mmoja mwaka wa kwanza na mwingine wa pili. Alinitazama kama nimesema Kiarabu, lakini nilipomweleza alikwenda akawauliza majina yao, jambo ambalo mimi halikuwahi kunitokea. Majina yao yote matatu matatu nimeyaandika kwenye daftari langu, na yangu wanayo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapanga msingi. Yule wa mwaka wa kwanza alishika mwisho wa futi, tukasogeza kigingi mara tatu, ikatulia kwenye tano. Nikadhani tumemaliza, nikainama kuchukua mwiko. Yeye akabaki amesimama anaitazama ile kamba.

"Fundi," akasema, "kwa nini tatu, nne na tano? Kwa nini isiwe tatu, nne na sita?"

Jua lilikuwa limeshapanda na udongo ulikuwa umeshachanganywa. Sementi ikishalowa haisubiri mtu. Nikauacha mwiko, nikamwita na mwenzake, tukaketi kwenye lundo la mchanga, nikafuta mahali kwa kiganja pakawa tambarare, nikaanza kuchora.